Gari la nakala si gari la bandia

Juni 2014, kwenye mnada wa Mecum mjini Seattle, Plymouth 'Cuda ya mwaka 1971, daraja la nguvu la gari la Barracuda, iliuzwa kwa dola milioni 3.5. Lilikuwa gari la paa la turubai linalokunjwa, gia za mkono, na injini ambayo Chrysler waliiita Hemi. Kwa mwaka ule mzima kiwanda kilitoa magari 11 tu yaliyokuwa na paa la kukunja na Hemi kwa pamoja. Leo fundi hodari wa Marekani anaweza kuchukua Barracuda ya kawaida ya mwaka uleule, akaikata, akaichomelea, akaipiga rangi, akaitia Hemi, na ukiliegesha gari lake pembeni mwa lile la mamilioni utazunguka mara tatu usione tofauti. Injini inanguruma vilevile, na ukikanyaga mafuta mgongo unabanwa kwenye kiti vilevile. Lakini kwa bei, gari lake halifikii hata sehemu ya kumi ya lile jingine.

Tofauti hiyo ya mamilioni iko wapi, ikiwa chuma ni kilekile? Na je, huyo fundi ni mhunzi stadi au ni tapeli? Watu wengi huyachanganya maswali haya mawili, na matokeo yake nakala safi hutukanwa bure huku magari ya kughushi yakipita mnadani kimyakimya. Kwa maoni yangu mpaka uko wazi kabisa. Ila ili uuone, lazima kwanza ujue magari haya yalikujaje kuwa adimu.

Uadimu ulianzia kwenye fomu ya oda

Hakuna mtu pale Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, aliyekusudia kuunda gari adimu. Mnunuzi wa miaka ya 1960 alikaa na muuzaji mezani, wakafungua kitabu cha nyongeza: injini ipi, gia ngapi, difu ya uwiano gani, rangi gani, redio au bila redio. Kila alama ya vema iliongeza bei, na gari liliundwa kufuata oda hiyo. Bodi ileile iliyokwenda kwa mwalimu mstaafu ikiwa na injini ndogo ingeweza kwenda kwa kijana wa jirani yake ikiwa na injini ya mashindano.

Gari ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa magari ya misuli, yaani magari ya kawaida yaliyotiwa injini kubwa, Pontiac GTO ya 1964, lilizaliwa kwa njia hiyohiyo. General Motors walikuwa na sheria yao ya ndani kwamba magari ya ukubwa wa kati yasipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean na wenzake wa Pontiac, tawi la General Motors, waliizunguka. Hawakutangaza gari jipya. Walichukua injini kubwa ya 389 wakaiuza kama nyongeza ya gari lililokuwepo tayari, LeMans. Mwaka wa kwanza walitoa zaidi ya 32,000, na wakubwa waliokuwa wamekunja ndita wakanyamaza.

Hapo ndipo penye mzizi wa habari yote. Gari la misuli, tangu siku ya kwanza, ni gari la kawaida lililowekewa alama ya vema mahali fulani kwenye fomu. Ndiyo maana linaweza kuundwa tena miaka 50 baadaye kutoka kwa ndugu yake wa kawaida. Ferrari huwezi kuitengeneza kwa kuanzia na gari la bei poa la kiwanda hichohicho. 'Cuda unaweza.

Kwa nini basi mengine yalikuwa machache kiasi hicho? Kwa sababu nyongeza zenyewe zilikuwa ghali. Mwaka 1970 Hemi peke yake iliongeza karibu dola 870 kwenye gari la dola 3,000 na kitu. Hapo hujaenda kwa wakala wa bima, ambaye akisikia umri wa kijana na ukubwa wa injini anataja malipo yanayokaribia ya mkopo wa gari lenyewe. Aliyetaka gari la paa la kukunja alitaka kupunga upepo, na aliyetaka Hemi alitaka kushindana kwenye taa za barabarani. Waliotaka vyote viwili, wakiwa na pesa mkononi, walikuwa wachache mno. Kisha ikaja sheria ya hewa safi ya 1970, viwanda vikaanza kushusha mgandamizo wa injini, na 1973 Waarabu wakafunga mafuta. Hemi ya barabarani ilikuwa imeshakufa tangu 1971.

Mfano mwingine naupenda zaidi kwa sababu ya ukaidi wake. Kwa modeli ya mwaka 1969 Fred Gibb, muuzaji wa Chevrolet katika mji mdogo wa La Harpe, Illinois, alitumia mfumo wa oda maalumu za kiwanda kuagiza Camaro 50 zenye injini ya 427 iliyosubiwa kwa alumini tupu, injini ya mbio. Zilipofika, kila moja ilikuwa na bei ya zaidi ya dola 7,000, wakati Camaro ya kawaida ya V8 ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Hazikuuzika. Nyingi zilirudishwa Chevrolet zikagawiwa wauzaji wengine. Kwa jumla Camaro hizo, zinazojulikana kama ZL1, zilikuwa 69, katika mwaka ambao Chevrolet walitoa Camaro zaidi ya 240,000. Hesabu hizo mbili ziweke kichwani: magari 69 ambayo kila mpenzi wa magari anayataka, na zaidi ya 240,000 yaliyotoka na bodi hiyohiyo.

Nakala za namna tofauti

Watu husema "nakala" wakimaanisha vitu vinne au vitano visivyofanana. Ya kwanza ni hiyo niliyoitaja: gari halisi la kiwanda, la enzi hiyohiyo, lililopandishwa cheo. Camaro ya silinda sita inavikwa mavazi ya ZL1. Gari hilo ni Camaro ya kweli ya 1969. Lisilo la kweli ni hiyo ZL1.

Ya pili ina bodi mpya. Kampuni ya Dynacorn ya California inauza maganda mazima ya chuma ya Camaro ya 1969, ya Mustang ya 1967 na mengine, yaliyokandamizwa kwa mashine mpya huko Taiwan. Unanunua ganda lisilo na kutu hata chembe, na kila kitu kingine unakitafuta wewe.

Ya tatu ni gari jipya kabisa kwa umbo la zamani. Revology ya Florida huunda Mustang na Shelby za miaka ya 1960 zikiwa na injini za kisasa za Ford, kiyoyozi na breki za leo, kwa bei inayopita dola 200,000. Kwa pesa hizo unaweza kununua Mustang halisi kadhaa za miaka ileile. Wanaonunua Revology hawatafuti historia, wanataka gari litakaloshika moto kila asubuhi.

Ya nne ni Cobra, na hii ina ulimwengu wake. Carroll Shelby alichukua gari dogo la Kiingereza, AC Ace, akalitia V8 ya Ford mwaka 1962. Yaliundwa takriban 1,000. Nakala zake leo ni maelfu kwa maelfu, kiasi kwamba ukiona Cobra barabarani ni salama kudhani ni nakala. Factory Five ya Massachusetts inauza vipande kwenye makasha, mwenye nyumba anaunganisha mwenyewe gereji. Na nyingi ya zile zilizoundwa vizuri hazitoki Marekani kamwe. Zinatoka Afrika, katika mji wa Gqeberha, ule uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, ambako mafundi wa Hi-Tech Automotive wanaunda Cobra za Superformance kwa kibali cha Shelby na kuzisafirisha kwa meli. Sioni mara nyingi jambo hili likisemwa na lingepaswa kusemwa zaidi: kipande kikubwa cha fahari ya Wamarekani kinachomelewa, kinasuguliwa na kupigwa rangi na mikono ya Waafrika Kusini.

Kutoka Barracuda hadi Hemi 'Cuda

Hebu tuingie gereji. Umepata Barracuda ya 1971 ya paa la kukunja yenye injini ya 318, V8 ndogo ya kazi za kila siku. Unataka iwe Hemi 'Cuda. Wengi hudhani kazi ni kubadilisha injini na kubandika stika.

Anza na injini yenyewe. Hemi ya 426, karibu lita 7, inatoa nguvu ya farasi 425 kwa hesabu ya kiwanda, na uzito wake unakaribia kilo 380. Jina linatokana na umbo la chumba cha mwako, nusu tufe, vali zikiwa zimesimama pande mbili zinazoelekeana. Umbo hilo linafanya vichwa vya injini kuwa vipana kupita kiasi. Ukifungua boneti unaona makopo mawili mapana meusi ya vali, na plagi hazipo ubavuni mwa injini kama ulivyozoea. Zinazama katikati ya makopo hayo, nyaya zikitokea juu. Upana huo unagombea nafasi na kila kitu kilichomo, pamoja na busta ya breki. Injini za mtindo huu zinaundwa upya hadi leo, kwa hiyo kuipata ni suala la pesa tu.

Lakini gari lako halikuundwa kuibeba. Kiunzi cha mbele kinachoshikilia injini ya 318 si cha Hemi, inabidi ukitoe na kuweka chake. Nondo za msokoto, ambazo kwenye magari ya Chrysler ndizo springi za mbele, zibadilishwe ziwe nene zaidi. Nyuma, difu ya kawaida itapasuka, kwa hiyo unaweka Dana 60, ile difu nzito ambayo Chrysler walizifunga Hemi zenye gia za mkono. Springi za nyuma za Hemi hazilingani kushoto na kulia, kwa makusudi, ili gari lisijikunje upande mmoja linapoondoka kwa nguvu. Radieta kubwa, breki kubwa, mfumo wa mafuta unaotosheleza kabureta mbili zenye vinywa vinne kila moja.

Ndipo unapofika kwenye sura. 'Cuda ya 1971 ina taa nne za mbele, na ubavuni mwa kila bamba la juu ya gurudumu la mbele ina matundu manne kama mashavu ya samaki, ambayo Barracuda ya kawaida haina. Boneti imetobolewa tundu kubwa katikati, na kupitia tundu hilo linachomoza kopo la kuvuta hewa lililofungwa moja kwa moja juu ya injini. Ukiwasha gari, kopo linatikisika pamoja na injini wakati boneti imetulia. Ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, injini inajipinda upande mmoja na kopo linajipinda nalo, mbele ya macho yako kupitia kioo. Ukitaka kumwelewa mtu anayeuza shamba kwa ajili ya gari, mwoneshe hilo kopo kwa dakika moja.

Fundi mzuri haishii kwenye yanayoonekana. Anatafuta boliti zenye alama sahihi kichwani, anapaka chini ya gari ile rangi iliyomwagika ovyo kama walivyoimwaga wafanyakazi wa kiwanda cha Hamtramck waliokuwa na haraka, anarudia hata alama za chaki za wakaguzi. Nimeona watu wakilicheka jambo hili la kuiga uzembe wa kiwanda. Mimi naona ni utafiti. Kuna mambo kuhusu namna magari haya yalivyoundwa ambayo yanajulikana leo kwa sababu mtu fulani alitaka nakala yake iwe kamili, akaenda kuchunguza magari halisi ambayo hayakuwahi kuguswa.

Si kila gari linakubali kupandishwa cheo kwa gharama ya kueleweka. Mustang ya Boss 429 ni somo zuri. NASCAR, waandaaji wa mbio za magari Marekani, iliwataka Ford waiuze injini hiyo kwenye magari ya barabarani kabla ya kuiruhusu mashindanoni, nao wakaamua kuiweka kwenye Mustang, ambayo haikuwa na nafasi ya kuipokea. Magari yalipelekwa kwa kampuni ya Kar Kraft huko Brighton, Michigan. Huko minara ya shokomzoba ilisogezwa nje, nafasi ya injini ikapanuliwa, betri ikahamishiwa kwenye buti kwa sababu mbele hapakubaki hata upenyo wa mkono. Mwaka 1969 yalitoka 859. Anayetaka kuunda nakala lazima arudie upasuaji wote huo, na vipuri vya injini ile ni ghali mno. Ndiyo maana Boss 429 za kuiga ni chache, na zilizopo ni kazi za watu wenye moyo kwelikweli.

Namba inasema nini, na inanyamazia nini

Kuanzia mwaka wa modeli 1981, gari la Marekani lina namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipangia. Hapa ndipo soko la magari adimu linapopumulia, na tofauti kati ya kampuni ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chrysler walikuwa wakweli kupita wote. Namba ya Hemi 'Cuda ya 1971 ya paa la kukunja inaanza BS27R1B. B ni Barracuda, S ni daraja la 'Cuda, 27 ni paa la kukunja, R ni Hemi, 1 ni mwaka 1971, B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck. Ile Barracuda yako ya 318 inaanza BH27G1B. Weka Hemi kumi ndani yake, G haitageuka kuwa R. Ford nao walitaja injini: 9F02Z ni Mustang ya 1969 ya Boss 429, na Z ndiyo inayotoa habari.

Chevrolet walinyamaza. Camaro ya 1969 inaanza 12437, na hapo umeambiwa kwamba ni Camaro ya milango miwili yenye V8, basi. Ni V8 ipi, ya kwenda sokoni au ZL1? Namba haisemi. Chevelle, gari jingine la Chevrolet, vivyo hivyo: kuanzia 1966 hadi 1968 daraja la SS lilikuwa na tarakimu zake, 138, lakini 1969 SS ikageuzwa kuwa nyongeza ya kawaida na alama hiyo ikapotea. Kwa hiyo Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya 454, gari linalotamaniwa kuliko karibu Chevelle zote, kwa namba ni Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, kama Malibu nyingine.

Ongeza shida ya kumbukumbu. Za Pontiac zimehifadhiwa, na mwenye gari anaweza kuagiza nakala ya ankara ya kiwanda. Kumbukumbu za Ford za kuanzia 1967 ziko mikononi mwa Kevin Marti, ambaye ripoti zake zinaaminika kuliko neno la muuzaji yeyote. Kwa Chrysler kuna karatasi ya maelekezo ya kiwandani, ambayo wafanyakazi waliiacha imechomekwa kwenye springi za kiti cha nyuma, na wenye bahati huikuta humo miaka 50 baadaye ikiwa imeliwa na panya nusu. Lakini Chevrolet zilizouzwa Marekani hazikutunziwa kumbukumbu za gari mojamoja. Zilizouzwa Kanada zinazo. Ndiyo sababu Camaro iliyopitia kwa muuzaji wa Toronto inaweza kuthibitishwa, na pacha wake aliyeuzwa Chicago akabaki kutegemea karatasi za familia: risiti, kijitabu cha waranti chenye kibati chake cha chuma, picha za zamani.

Penye ukimya wa namba ndipo tapeli anapoingilia. Kila bloku la Chevrolet lina tarehe ya kusubiwa. C129, kwa mfano, ni Machi 12, 1969. Pembeni, mbele ya kichwa cha kulia, kuna sehemu bapa ndogo ambapo kiwanda kiligonga aina ya injini na sehemu ya namba ya gari. Namba za injini na za gari zikilingana, bei inaruka. Kwa hiyo kuna watu wanaotafuta bloku lenye tarehe inayofaa, wanakwangua ile sehemu bapa, na kugonga namba mpya. Namna ya kuwakamata ni ndogo na nzuri: mashine ya kiwanda ilikata uso ule kwa mwendo ulionyooka, ukaacha mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba na urefu wa injini. Mashine nyingi za gereji huzunguka, na huacha mikwaruzo ya upinde. Lenzi na tochi vinatosha. Lakini tahadhari: injini iliyowahi kurekebishwa kwa haki huenda ilikatwa uso huo na fundi mwaminifu mwaka 1978, ambaye hakujua kwamba anafuta dola laki moja. Namba iliyofutika si ushahidi wa wizi. Iliyogongwa upya ndiyo.

Msomaji aliyewahi kusikia habari za gari lililogongwa namba ya chasi upya hapa kwetu anaijua hadithi hii, isipokuwa kule tapeli hafichi wizi wa gari. Anatengeneza ukoo.

Hatua mbaya zaidi ni kuhamisha kibati chenye namba. Hemi 'Cuda halisi imeoza au imeungua, kimebaki kibati na hati ya umiliki. Mtu anakiripiti kwenye bodi ya Barracuda ya kawaida. Sheria ya shirikisho la Marekani inahesabu kuondoa au kubadilisha namba hiyo kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, ingawa inamwacha huru anayelazimika kukitoa kibati wakati wa matengenezo ya haki. Baadhi ya majimbo hayakuwa na huruma kiasi hicho. Huko Kansas, Corvette ya 1959 ilikamatwa kwa sababu kibati chake kilitolewa na kurudishwa wakati gari likitengenezwa, na aliyelinunua bila kujua alipigania gari lake kwa miaka. Lilikuwa karibu kuharibiwa. Mwaka 2022 bunge la jimbo lilibadilisha sheria.

Hata mwenye jina lake

Kisa cha Cobra kinaonyesha kwamba suala hili halihusu nani ameunda gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Carroll Shelby mwenyewe alitangaza kwamba alibakiwa na chasi za Cobra za 1965 zisizomaliziwa, na sasa anazimalizia. Alipata kwa ofisi ya magari ya California hati za umiliki za magari 43 zenye mwaka huo. Mwaka 1993 gazeti la Los Angeles Times liliripoti kwamba chasi hizo zilikuwa zimeundwa upya, miaka ya karibuni. Mtu aliyeibuni Cobra, akiunda Cobra, alijikuta kwenye swali lilelile la fundi wa gereji ya uani.

Baadaye aliendelea kuziuza waziwazi, zikiwa na mfululizo mpya wa namba unaoanza CSX4000, kama mwendelezo. Soko likazipokea vizuri. Magari hayakuwa yamebadilika sana kati ya 1993 na hapo. Kilichobadilika ni mwaka ulioandikwa kwenye karatasi.

Kwangu hilo linamaliza ubishi. Nakala ni gari linalobeba namba yake yenyewe, hata kama kila boliti imeigwa. Bandia ni gari linalobeba namba ya gari jingine. Ubora wa kazi hauingii katika hukumu. Kuna bandia zilizoundwa kwa ustadi wa kutisha, na kuna nakala za hovyo zilizouzwa kwa ukweli mtupu.

Sheria iliyochelewa

Kwa miaka mingi kampuni ndogo haikuweza kuuza nakala iliyokamilika nchini Marekani, kwa sababu gari jipya lazima litimize masharti yote ya usalama ya leo, mifuko ya hewa na majaribio ya kugongesha, mambo ambayo umbo la 1965 halina pa kuyaweka. Ndiyo maana Cobra za Gqeberha zimekuwa zikishuka bandarini bila injini wala giaboksi. Mnunuzi anamlipa fundi mwingine avifunge, na kisheria gari linahesabiwa kuwa limeunganishwa na mtu binafsi.

Desemba 2015 bunge la Marekani lilifungua mlango. Kampuni ndogo, isiyotoa zaidi ya magari 5,000 kwa mwaka duniani, inaweza kuuza nakala 325 zilizokamilika kila mwaka, mradi zinafanana na gari la angalau miaka 25 iliyopita, kampuni ina haki ya kutumia umbo hilo, na injini inatimiza masharti ya moshi ya sasa. Kanuni za utekelezaji zilisubiriwa miaka, hadi 2022. Nalaumu ucheleweshaji huo. Karakana zilizokuwa zimejiandaa kuajiri zilikaa zikingoja karatasi. California ina njia yake ya zamani zaidi: kila mwaka magari 500 ya kwanza yaliyoundwa na watu binafsi yanaruhusiwa kupimwa moshi kwa kipimo cha enzi ambayo umbo lake linaiga.

Ukiwa unanunua, iwe uko Dallas au unamtumia ndugu aliye Minnesota akakuangalizie, swali la kwanza lisiwe kama gari ni halisi. Omba picha ya kibati chenye namba na ya ripiti zake. Za kiwanda cha General Motors za miaka ile zina kichwa chenye umbo la ua. Kwa Chrysler, tazama sehemu nyingine za bodi ambako kiwanda kiligonga mwisho wa namba hiyohiyo, kama kiunzi cha radieta, uone kama zinakubaliana. Linganisha tarehe ya bloku na tarehe gari lilipoundwa. Bloku lililosubiwa baada ya gari kutoka kiwandani halihitaji mjadala. Kisha muulize muuzaji gari lilikuwa nini kabla. Mwenye nakala ya kweli hujibu haraka na kwa kirefu: lilikuwa la 318, la kijani, tulilipata Arizona likiwa halina sakafu, difu tulitoa kwenye gari jingine, picha hizi hapa. Anakufungulia albamu nzima. Huyo mlipe bei ya nakala bila kusita, na ukishalipata, liendeshe; yale 11 ya mwaka 1971 wenyewe wanaogopa hata kuyatoa mvuani.